Ramani za zamani za bonde la Rufiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza ni wajukuu wanaotafuta mahame ya babu zao, wanafunzi wa jiografia, viongozi wa vijiji wenye ugomvi wa mpaka, na mara mojamoja mtu aliyeokota karatasi ya zamani kwenye sanduku la marehemu. Maswali yao yanafanana sana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Swali likiwa limeshajibiwa kwingine ndani ya ukurasa huu, nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya kuanzia

Hizi ni ramani gani hasa?

Ni ramani za topografia za skeli 1:50,000, mfululizo wenye namba Y742, ambazo kazi yake ilianza wakati wa Tanganyika chini ya Waingereza. Zilitengenezwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa Uingereza mwaka 1946 chini ya Brigedia Martin Hotine, ikishirikiana na idara ya upimaji ya Tanganyika yenyewe. Mwaka 1957 idara ile ilibadilishwa jina: neno "makoloni" likatolewa, likaingia "ng'ambo". Ndiyo maana pembezoni mwa shiti (karatasi moja moja za ramani) za mwanzo utakuta herufi DCS na kwenye za baadaye DOS. Ni idara ile ile.

Shiti moja inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Ardhini ni kama kilomita 27 na nusu kila upande, yaani kilomita za mraba 760 hivi, na kwenye karatasi ni sentimita 55. Milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Shika hesabu hiyo ya mwisho, itakuokoa mara nyingi huko mbele.

Kabla ya hapo hapakuwa na ramani ya Rufiji?

Zilikuwepo. Wajerumani walikuwa na ramani za 1:300,000 za nchi nzima, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel, zilizokusanya njia walizopita maafisa na wasafiri. Mahali ambapo msafara haukupita, ramani iko tupu. Halafu mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka juu ya delta kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye mikoko, wakaizamisha mwezi Julai. Ila rubani wa siku zile alikuwa anatafuta meli, nyumba za watu hazikumhusu.

Kwa nini walihangaika kulipima bonde?

Si kwa ajili ya wanakijiji, tusidanganyane. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilitaka makoloni yazalishe: mbao, pamba, karanga, umeme. Mradi wa karanga wa mwaka 1947 uliwaonyesha kwa gharama kubwa maana ya kuingia kwenye ardhi usiyoijua. Kwa Rufiji hamu ilikuwa maji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walifanya uchunguzi mkubwa wa bonde zima kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji na kuzuia mafuriko, na taarifa yao ikatoka mwaka 1961. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila ramani.

Zilichorwaje, na watu walitembea kijiji kwa kijiji?

Walitembea kidogo sana. Sehemu kubwa ilifanyika angani, kisha mezani Uingereza.

Kati ya 1946 na 1952 kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika kwa ndege za Lancaster, zile zile zilizotengenezwa kudondosha mabomu. Baadaye kazi hiyo wakapewa makampuni. Ndege huruka mistari iliyonyooka, na kila picha huipanda iliyotangulia kwa asilimia 60 hivi. Kupandana huko kuna sababu: ukiziweka picha mbili jirani chini ya stereoskopu, kila jicho na picha yake, ardhi inainuka. Miti inasimama, kingo za mto zinaonekana. Mchoraji aliyekaa Surrey aliweza kuona kwamba nyumba fulani imejengwa juu ya kinundu cha ardhi kilichoinuka mita chache tu kuliko shamba la mpunga, ingawa hakuwahi kuonja maji ya Rufiji.

Wapima ardhi waliokuja huku walikuwa na kazi mbili. Kwanza, kupata vituo vichache vyenye vipimo vya uhakika vya kuzifunga picha mahali pake, na hapo ndipo zilipotoka zile bikoni za vilimani. Pili, kukusanya majina. Hilo la majina lina maswali yake huko chini.

Ramani imeandikwa 1960 na kitu. Hiyo ndiyo hali ya mwaka huo?

Hapana, na kosa hili ndilo linaloongoza. Mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa ni wa kuchapa. Unaoutafuta wewe ni mwaka wa picha za anga, na huo umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye pambizo la chini, pengine pamoja na kamchoro kanakoonyesha sehemu gani ya shiti imetokana na picha za mwaka gani. Tofauti ya miaka kadhaa ni jambo la kawaida. Shiti moja inaweza pia kuwa na picha za miaka miwili tofauti, upande huu na ule.

Angalia na msimu. Ndege za picha hazitaki mawingu, kwa hiyo hupiga kiangazi. Rufiji hujaa zaidi kati ya Machi na Mei. Ramani basi inakuonyesha bonde lililokauka: mabwawa yamenywea, watu wako kwenye mlau, mahindi yamepandwa kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko. Mtoto wa Rufiji anajua kwamba hiyo ni nusu ya mwaka tu.

## Kusoma makazi

Vidoti vyeusi ni nyumba moja moja?

Palipo na nyumba chache zilizotawanyika, mara nyingi ndiyo, au karibu na hivyo. Palipobanana, hapana. Kidoti cha nusu milimita kinafunika mita 25 za ardhi, na nyumba tatu za udongo zinatosha humo. Mchoraji alipokosa nafasi alichagua, akaweka vidoti vya kuonyesha kwamba hapa pamejaa. Kwa hiyo usihesabu vidoti ukazidisha kwa watu watano ukapata idadi ya watu. Nimeisoma tasnifu moja iliyofanya hivyo. Hesabu zilikuwa safi, msingi wake ndio mbovu.

Kitu kinachosomeka vizuri ni mpangilio. Kwenye Rufiji ya chini vidoti havikai fungu moja kama kijiji cha leo. Vinafuata kingo za mto na kingo za matawi yake ya zamani, mstari mrefu unaopinda na mto. Mto unapofurika huacha mchanga mwingi kando yake, kingo zikainuka kuliko ardhi ya nyuma. Watu walijenga hapo juu, mpunga ukawa nyuma kwenye udongo mzito. Ukishauona mpangilio huo mara moja, unaweza kufuata mkondo wa kale uliokauka kwa kuangalia vidoti tu.

Madungu yamo?

Usiyategemee. Dungu la shambani, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia ndege na nguruwe na cha kukaa maji yakipanda, ni kitu kidogo, na kutoka angani linafanana na mti au kichaka. Mengine huenda yamechorwa kama nyumba, mengine yameachwa. Bahati mbaya, kwa sababu familia nyingi ziliishi humo miezi kadhaa ya mwaka.

Mbona bondeni hakuna mistari ya kontua kabisa?

Shiti nyingi za awali zilitolewa bila kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, ili zipatikane haraka. Zilizo nazo, kontua zimepishana kwa kawaida futi 50, yaani mita 15 na kidogo. Uwanda wa mafuriko ni tambarare: tofauti kati ya nyumba inayolowa na isiyolowa inaweza kuwa mita moja. Mstari wa kontua unapita ukingoni, ardhi inapoanza kupanda, na katikati panabaki peupe. Weupe huo haumaanishi kwamba hapana mwinuko, ila kipimo ni kikubwa mno kuuona. Kwa kazi ya mafuriko tafuta picha zenyewe (tazama "Picha za anga zenyewe nazipata wapi?").

Kijiji cha bibi yangu hakimo. Walikiruka?

Kabla ya kulaumu, jaribu mambo matatu. Tamka jina kwa namna nyingine, kwa sababu R na L hubadilishana sana huku, na U na O pia: Mohoro na Muhoro ni mahali pamoja. Tafuta "Kwa" na jina la mtu, maana vitongoji vingi vilijulikana kwa mwenyewe, jumbe au mzee wa kwanza, na akifa jina likahamia kwa mwingine. Mwisho, tafuta bwawa au kijito cha jirani badala ya kijiji. Majina ya maji hayabadiliki upesi kama ya watu: ziwa Ruwe, Utunge na Zumbi bado yanaitwa hivyo.

Usipopata kabisa, kumbuka namna majina yalivyokusanywa. Mpima alikuwa na siku chache, gari moja na mkalimani. Aliuliza ofisini bomani na kwa majumbe, kisha palipopitika. Kitongoji cha ng'ambo ya mto, kisicho na barabara wala jumbe, kilipata vidoti bila jina. Vidoti visivyo na jina ndivyo vingi zaidi bondeni, na huenda bibi yako yumo mojawapo.

Nimekuta jina lakini hakuna kidoti hata kimoja. Inawezekanaje?

Majina yalikuja baada ya picha, au yalinakiliwa kutoka ramani ya zamani zaidi. Watu wanaweza kuwa walishahama picha ilipopigwa, kwa njaa, tembo, au mto kula ukingo. Pengine pia jina ni la eneo zima na si la kijiji, na mchoraji aliliandika palipokuwa na nafasi. Usilichukulie jina kama msumari uliopigwa mahali pake. Soma eneo la kilomita mbili tatu kulizunguka.

## Kabla na baada ya kuhamishwa

Kwa nini vijiji vya leo havilingani na ramani?

Kwa sababu watu walihamishwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye ardhi ya juu isiyofikiwa na maji, kwenye vijiji vya ujamaa. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikaendeleza. Ramani iliyotokana na picha za miaka ya 1950 inaonyesha watu walipokuwa kabla ya hapo, na thamani yake kubwa iko hapo hapo.

Tatizo ni kwamba majina mengine yalihama pamoja na watu. Ukiambiwa "kijiji fulani" uliza: cha sasa au hame? Wazee wenyewe hutofautisha haraka. Watakwambia "kule kwetu bondeni" na "hapa tulipoletwa".

Nitathibitishaje kwamba hapa ndipo palipokuwa na kidoti?

Tafuta miembe. Nyumba ya udongo ikiachwa, mafuriko mawili matatu yanaifuta, lakini mwembe aliopanda mwenye nyumba unabaki. Ukiona miembe mikubwa mitatu minne imesimama peke yake katikati ya mashamba, na chini kuna vipande vya vyungu, umefika.

Ukiweza, nenda na mzee. Mara moja nilitandika shiti kwenye mkeka, tukaibana pembe kwa vikombe vya chai, nikaanza kueleza kaskazini iko wapi. Mzee hakunisikiliza. Aliizungusha karatasi mpaka mto ukawa unatiririka kulingana na mto wa kweli uliokuwa nyuma ya nyumba, akaweka kidole kwenye bwawa, akaanza kupanda nacho taratibu kama anayetembea, akitaja watu: hapa fulani, hapa shemeji yake, hapa walikuwa wanafunga mitumbwi. Alipita vidoti kumi na moja. Viwili akavikataa, akasema hizo zilikuwa ghala. Tangu siku hiyo naizungusha ramani kwanza, kaskazini nasema baadaye.

Mto wenyewe ulikuwa hapo unapoonyeshwa?

Ulikuwa hapo mwaka wa picha. Rufiji unatembea. Unakula ukingo wa nje wa kona na kuacha mchanga ndani, na mafuriko makubwa yanaweza kuukatia njia mpya kabisa. Kwenye delta, baada ya mafuriko ya miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji ilielekea matawi ya kaskazini, kwa hiyo ukisoma delta ya ramani ya zamani jiandae kushangaa. Hame lililochorwa upande wa kusini wa mto linaweza leo kuwa kaskazini bila lenyewe kusogea hata hatua moja.

Bwawa la Julius Nyerere limefunika vijiji vilivyomo kwenye ramani?

Vya bonde la chini, hapana. Ukuta uko kwenye korongo la Stiegler na ziwa liko nyuma yake, upande wa juu, ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Kujaza kulianza Desemba 2022. Utete, Ikwiriri, Mkongo, Mloka na mahame yao viko upande wa pili. Kwa hao swali ni maji yanayotoka, si yanayohifadhiwa, na mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yalirudisha watu wengi kwenye ramani hizi wakiuliza mto zamani ulikuwa unafika wapi. Kwa jibu la hilo, ramani peke yake haitoshi (tazama swali la kontua).

## Ramani na simu

Nimeingiza namba za gridi kwenye simu, imenipeleka pasipo. Ramani ina makosa?

Ramani iko sawa, simu pia iko sawa, ila hazisemi lugha moja. Gridi ya UTM, ile mistari ya miraba yenye namba kwenye shiti hizi, inasimama juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Huku kwetu tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Ukiingiza namba za ramani bila kuzibadilisha, simu itakupeleka mita 300 hivi kaskazini mno.

Nasema haya kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza nilifuata kodineti kama Kurani, nikaishia katikati ya matete, tope magotini. Mzee aliyenisindikiza alikuwa ameshakaa kivulini chini ya mwembe upande wa kusini, ananingoja nimalize.

Dawa: kwenye programu kama QGIS chagua Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini, kisha uiache ibadilishe yenyewe. Chunguza pambizo kwanza, kwa sababu shiti za mwanzo zina gridi nyingine ya mfumo wa wakati wa vita, na hiyo haihusiani na namba hizi.

Nimeipiga picha ramani kwa simu. Inatosha kuipima?

Kwa kusoma majina, inatosha. Kwa kupima, hapana: lenzi inapinda pembe na karatasi iliyokunjwa ina mabonde yake. Tumia skana. Unapoifunga kwenye kodineti tumia makutano ya gridi yaliyosambaa shiti nzima, sio pembe nne tu, maana karatasi ya zamani hunywea na kuvimba, tena si sawa pande zote. Hata ukifanya vizuri kabisa, usitegemee usahihi wa chini ya mita 50. Ni ile milimita moja.

## Ardhi, mipaka na ugomvi

Ramani inaonyesha shamba la babu. Naweza kudai?

Ramani haionyeshi shamba la mtu. Inaonyesha kwamba mahali fulani palikuwa na makazi au palilimwa picha ilipopigwa. Haina jina la mwenye nyumba wala mpaka wa shamba. Kama ushahidi wa kuunga mkono maneno ya mashahidi ina uzito. Peke yake haina.

Kuna na sheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Operesheni Rufiji ilianza kabla ya tarehe hizo. Kama familia yako ilihamishwa mwanzoni kabisa, mwaka una maana kubwa, na hapo unahitaji mwanasheria, si mtu wa ramani kama mimi.

Mpaka wa vijiji viwili ni mto. Tufuate mto wa ramani au wa leo?

Ramani haiwezi kuamua. Mpaka wa kijiji cha leo unatoka kwenye upimaji wa kijiji na cheti chake cha ardhi, ambavyo vimekuja miaka mingi baada ya ramani hizi. Kama nyaraka hizo zinasema "mto" bila kodineti, ramani ya zamani inasaidia tu kuonyesha mto ulikuwa wapi wakati mmoja. Nimewahi kuona pande mbili zikileta shiti ile ile barazani, kila mmoja akishangilia.

## Kuzipata na kuzitunza

Nakala nazipata wapi?

Anzia idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, inakouzwa mifululizo rasmi. Omba toleo la zamani kwa kulitaja, la sivyo utapewa lililorekebishwa. Maktaba za vyuo vikuu navyo vina shiti, nyingi zimechakaa mikunjoni. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya wilaya ya enzi za ukoloni, na ukisoma jalada na ramani pamoja, majina yanaanza kupata watu.

Picha za anga zenyewe nazipata wapi?

Mkusanyiko mkubwa wa picha za DOS uko Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga ya huko. Zinaagizwa kwa malipo, na si zote zimeskaniwa. Picha ina vitu ambavyo mchoraji aliviacha: vijia, ua, mipaka ya majaruba. Kama unataka kulinganisha kabla na baada ya 1968 bila kwenda mbali, angalia picha za satelaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Hazina ukali wa picha za ndege, lakini miaka yake imeangukia pale pale unapopahitaji.

Nina shiti ya zamani, imepasuka mikunjoni. Niibandike selotepu?

Tafadhali usifanye hivyo. Gundi ya selotepu inageuka kahawia na kula wino, na kuibandua ni kung'oa karatasi. Usiipige laminesheni pia. Ifungue taratibu, ilaze siku kadhaa chini ya ubao wenye uzito, iskani, kisha itunze imelala ndani ya karatasi safi, mbali na mende na ukuta wenye unyevu. Kama kuna mwandiko wa penseli juu yake, usiufute. Mtu aliyeandika "hapa visima viwili" pembeni mwa kidoti huenda alifika mwenyewe.